Mnyororo, Sproketi na Gia: Historia ya Vitu na ya Majina Yake

Katika kazi ya kutafsiri vitabu vya mitambo, si maneno makubwa yanayotuletea hasara kubwa. Neno kubwa na geni humtia mtu wasiwasi, naye akaenda kuuliza. Hasara hutoka kwenye neno dogo ambalo kila mmoja anadhani analijua. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo hilo kwa mfano wa kifaa kimoja kinachojulikana na kila mtu aliyewahi kupanda baiskeli, yaani mnyororo pamoja na magurudumu ya meno yanayoukokota. Mfano wenyewe tutautoa kwenye pikipiki yenye nguvu iliyotengenezwa kwa njia za porini, maana huko ndiko mnyororo unakopata taabu kubwa kuliko kwingine kote, na ndiko kosa la lugha linakojitokeza upesi.

Miaka mingi iliyopita tuliletewa karatasi ya maelekezo waliyopewa watumishi wa mashambani waliokuwa wakisafiri kwa pikipiki. Sentensi moja katika karatasi hiyo ilisema: “Mnyororo ukivutika, ukazwe.” Watumishi walitii. Kila mnyororo ulipolegea, waliukaza. Mmoja wao aliendelea kuukaza hata mahali pa kukazia pakaisha, na hakuona sababu ya kuubadilisha, kwa kuwa karatasi haikumwambia hivyo. Siku moja, akipanda kilima na mzigo, mnyororo uliruka meno na kujisokota kwenye gurudumu la nyuma, naye akaanguka na kuvunjika mkono. Fundi aliyeitazama pikipiki ile alisema kwamba meno yalikuwa yameliwa hata yakawa kama ndoana. Aliyeandika karatasi hakusema uongo wa makusudi. Alitumia neno “kuvutika” kwa jambo ambalo si kuvutika. Tutalirudia neno hilo baadaye, lakini kwanza yafaa tuitazame historia ya kitu chenyewe.

Chimbuko la mnyororo wa kuendeshea mitambo

Mnyororo wa kufungia na kuvutia ni wa zamani mno. Mnyororo wa kupitisha mwendo kutoka mhimili mmoja hadi mwingine ni jambo jingine, na kumbukumbu zake ni chache. Mfano mashuhuri ni wa China. Mwishoni mwa karne ya 11, mtaalamu na mtumishi wa serikali aliyeitwa Su Song alijenga saa kubwa ya maji katika mji wa Kaifeng, na katika maandishi yake alieleza mnyororo wa chuma uliochukua mwendo kutoka kwenye mhimili mkuu na kuupeleka juu penye chombo cha kutazamia nyota. Wachina wa zama zile waliuita mnyororo huo “ngazi ya mbinguni”. Msomaji wa jarida hili atapendezwa na jina hilo. Waliokuwa na kitu kipya hawakungoja neno la kuazima. Walitazama umbo la kitu na kazi yake, wakachukua neno la nyumbani, wakalipa maana mpya.

Huko Ulaya, Leonardo da Vinci alichora minyororo ya pini na mabamba mwishoni mwa karne ya 15, lakini michoro haikuwa mitambo. Mwaka 1829 Mfaransa André Galle alipata hataza ya mnyororo wa aina hiyo, na hata leo mafundi wa Ulaya huuita kwa jina lake. Kasoro yake ilikuwa moja. Pini ilizunguka ndani ya matundu ya mabamba membamba, na kwa hiyo uzito wote wa kazi uliangukia sehemu ndogo sana ya chuma. Sehemu hiyo iliisha haraka.

Dawa ilipatikana Uingereza. Hans Renold, mzaliwa wa Aarau nchini Uswisi, alinunua mwaka 1879 karakana ndogo ya minyororo iliyokuwa ya James Slater huko Salford, karibu na Manchester. Mwaka uliofuata, yaani 1880, alibuni mnyororo wenye bushi na rola. Bushi ni mwanzi mfupi wa chuma unaoivika pini kwa upana wake wote, hivyo uzito huenea. Rola nayo huzunguka juu ya bushi, ili linapokutana na jino libingirike badala ya kusugua. Mnyororo wa pikipiki ya leo, ukiupasua, utaukuta ni ule ule wa Renold kwa mpango wake.

Baiskeli, pikipiki na matope

Baiskeli ndiyo iliyoueneza mnyororo huo duniani. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa, na ya nyuma ikiendeshwa kwa mnyororo. Kabla yake pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, na mtu aliyetaka mwendo ilimlazimu kupanda gurudumu refu kama kifua chake. Mnyororo uliondoa haja hiyo, maana mwendo ulipatikana kwa tofauti ya idadi ya meno ya mbele na ya nyuma.

Pikipiki za kwanza, hata hivyo, nyingi zilitumia mkanda wa ngozi au wa mpira. Mkanda ulikuwa mwepesi na mtulivu, lakini uliteleza ulipolowa. Kampuni ya Indian ya Marekani ilitumia mnyororo tangu ilipoanza kutengeneza pikipiki mwaka 1901. Katika mashindano makubwa ya Kisiwa cha Man ya mwaka 1911, yaliyopandishwa kwa mara ya kwanza kwenye njia ya milimani, pikipiki za Indian zenye mnyororo na gia mbili zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tangu hapo mkanda ulianza kupoteza heshima yake, na katika miaka iliyofuata mnyororo ulishika nafasi yake.

Mashindano ya pikipiki kwenye ardhi mbovu yalianza kupata sura yake huko Camberley, Uingereza, mwaka 1924. Ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 500 ulianza mwaka 1957. Badiliko lililougusa mnyororo zaidi lilikuja mwaka 1973, Yamaha ilipotumia mpango wa springi moja ya nyuma uliobuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens. Baada yake watengenezaji wote waliongeza kimo cha kupanda na kushuka kwa gurudumu la nyuma. Mkono unaoshika gurudumu hilo unapopanda na kushuka, umbali kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma hubadilika. Mnyororo basi hukaza na kulegea kila mara pikipiki inaporuka. Ukiongeza hapo mchanga, tope na maji, na injini ya leo ya sentimita za ujazo 450 yenye nguvu-farasi zaidi ya 50, utaona kwa nini chuma cha thamani huweza kuisha kwa muda mfupi.

Majina yetu

Kiswahili kilikuwa na maneno kabla ya baiskeli kufika. Tulikuwa na mnyororo, tulikuwa na mkufu wa shingoni, na tulikuwa na silisili. Baiskeli ilipokuja ikachukua neno mnyororo, na kando yake mafundi wakaingiza cheni. Wako waliosema kwamba mnyororo ni neno la uchungu, kwa kuwa latukumbusha misafara ya watumwa na vifungo vya wafungwa, na kwa hiyo lisitumiwe kwenye mashine. Sisi hatukubaliani nao. Neno halitiwi gerezani kwa sababu ya kazi mbaya liliyowahi kutumikishwa. Mnyororo libaki katika maandishi rasmi, na cheni litambuliwe kuwa kisawe chake katika karakana.

Shida ni kubwa zaidi kwa magurudumu ya meno. Katika vitabu mbalimbali kifaa hiki kimeitwa “gurudumu la meno”, “gia”, na hata “gia ya mnyororo”. Mafundi wengi wa pikipiki husema sproketi, au spoketi. Je, tufuate lipi? Tazama kazi ya kila kimoja. Gia ni gurudumu la meno linaloumana na gurudumu jingine la meno, jino kwa jino. Sproketi haikutani kamwe na sproketi mwenzake. Inaumana na rola za mnyororo. Umbo la meno ni tofauti, namna ya kuchakaa ni tofauti, na dukani huwekwa mahali tofauti. Tena gia limekwisha beba maana ya hatua za mwendo, tunaposema “tia gia ya pili”. Mtu akiambiwa “badilisha gia ya mbele”, aelewe nini? Atasogeza mguu wake, na kifaa kilichoisha kitabaki pale pale.

Kwa hiyo tunapendekeza sproketi. Tunajua kanuni yetu kwamba neno litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kuazima kwa wageni. Lakini kanuni hiyo haituamuru kulinyang'anya neno lililokwisha kubaliwa na watu wenye kazi yao. “Gurudumu la meno” libaki kuwa jina la jumla, ambalo chini yake gia na sproketi ni ndugu wawili.

Mahali pengine lugha yetu ni tajiri bila kuazima. Sehemu moja ya mnyororo, kati ya pini na pini, tunaweza kuiita pingili, kama pingili ya muwa. Umbali wa katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata tunaweza kuuita hatua. Pingili ile inayofungua na kufunga mnyororo mzima, Waingereza wameipa jina lenye maana ya bwana. Tumeona mahali imeandikwa “kiungo bwana”. Tafsiri hiyo ni ya kuchekesha, na haimwambii msomaji lolote. Kazi ya pingili hiyo ni kufunga, basi iitwe pingili ya kufungia.

Maneno matatu yasiyofaa kuchanganywa

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Mnyororo uliotumika sana huwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Jambo hilo ni kweli. Lakini mabamba yake hayakuvutika kama mpira. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimesuguana na kupungua, na kila kiungo kimepata nafasi ndogo.

Hesabu yaonyesha wazi. Mnyororo wa pikipiki kubwa za porini aghalabu huandikwa namba 520. Tarakimu ya kwanza hutaja hatua kwa sehemu za nane za inchi, yaani 5/8 ya inchi, sawa na milimita 15.875. Tarakimu mbili za mwisho hutaja upana wa ndani. Namba 20 ni 1/4 ya inchi, sawa na milimita 6.35. Hatua 20 za mnyororo mpya basi ni milimita 317.5. Ukiupima baadaye ukakuta milimita 323.85, umerefuka kwa asilimia 2, kiasi ambacho kwa kawaida ni dalili kwamba umekwisha. Na kitabu cha mashine kikitaja kikomo kidogo zaidi, kifuatwe hicho. Gawanya ongezeko hilo kwa hatua 20, utapata karibu milimita 0.32 kwa kila kiungo. Hiyo ndiyo chuma iliyopotea.

Mnyororo uliorefuka hauwezi tena kulingana na meno. Rola hupanda juu ya jino badala ya kukaa shinani, na jino huliwa upande mmoja hata likapinda. Kuukaza hakurudishi chuma kilichopotea. Kwa sababu hiyo tunataka watafsiri watenganishe mambo matatu. Ulegevu ni nafasi ya mnyororo kucheza juu na chini. Huo si ugonjwa, bali ni haja, na pikipiki ya porini huhitaji mwingi zaidi kwa sababu ya ule mwendo mrefu wa gurudumu la nyuma. Mkazo ni nguvu inayouvuta mnyororo unapofanya kazi. Urefukaji ni kuongezeka kwa urefu kutokana na kuchakaa. Ulegevu hurekebishwa, mkazo huhimiliwa, na urefukaji hauna dawa ila kubadilisha. Karatasi ile ingaliandikwa, “Mnyororo ukirefuka kupita kikomo, ubadilishwe pamoja na sproketi zake,” mtumishi yule asingalivunjika mkono.

Uimara na udumifu

Jozi nyingine ya maneno huwapotosha wanunuzi. Dukani mtu huomba mnyororo “imara”, naye huonyeshwa ule wenye nguvu kubwa ya kuhimili kabla ya kukatika. Huo ni uimara. Lakini minyororo mingi haifi kwa kukatika, hufa kwa kusagika. Sifa ya kutosagika haraka tunaiita udumifu, na hizo ni sifa mbili.

Anayetafuta udumifu hutazama mambo haya. Kwanza, muhuri. Katika mwongo wa 1970 ilianza kuenea minyororo yenye pete za mpira, ambazo mafundi huziita oringi, zinazozuia grisi isitoke ndani ya bushi na mchanga usiingie. Pete hizo huongeza msuguano kidogo, na wanamashindano wengi walizikataa kwa ajili hiyo. Kwa mtu wa safari ndefu faida yake ni kubwa kuliko hasara.

Pili, madini ya sproketi. Alumini ni nyepesi, lakini chuma cha pua na vyuma vingine vigumu hudumu zaidi. Zipo za mseto, zenye meno ya chuma na kitovu cha alumini. Sproketi ya mbele karibu daima ni ya chuma kigumu, kwa kuwa meno yake ni machache na kila jino hufanya kazi mara nyingi zaidi.

Tatu, idadi ya meno. Sproketi yenye meno 12 huikunja kila pingili kwa nyuzi 30, na yenye meno 15 kwa nyuzi 24. Kukunja kukiwa kudogo, kusuguana nako hupungua. Chukua pikipiki yenye meno 13 mbele na 49 nyuma. Uwiano wake ni 3.77. Ukitia 14 na 53 utapata 3.79, karibu sawa kabisa kwa mwendo, lakini mkazo wa mnyororo utapungua kwa karibu asilimia 7.5, kwa kuwa sproketi ya nyuma imekuwa pana. Gharama yake ni uzito kidogo, mnyororo mrefu zaidi, na hatari ya sproketi kubwa kugonga mawe.

Nne, hesabu ya kugawanyika. Mnyororo una pingili za nje na za ndani kwa zamu, hivyo jumla yake huwa shufwa. Mnyororo wa pingili 114 ukikutana na sproketi ya meno 12, kila jino hukutana na rola 19 tu, zile zile daima. Sproketi ikiwa na meno 13, kila jino hukutana na rola zote 114. Uchakavu huenea, na hakuna jino linaloonewa.

Tano, vibadilishwe pamoja. Mnyororo mpya juu ya meno yaliyopinda huharibika mapema, na sproketi mpya chini ya mnyororo uliorefuka huliwa vivyo hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Istilahi zinazopendekezwa

Mnyororo (pia cheni): mfululizo wa pingili za chuma unaopitisha mwendo kati ya sproketi mbili.
Pingili: sehemu ya mnyororo kati ya pini na pini.
Pingili ya kufungia: pingili inayofunguliwa na kufungwa ili kuutia au kuutoa mnyororo. Ikiwa ina kilipu, upande wake uliozibika huelekea mnyororo unakokwenda.
Hatua: umbali wa katikati ya pini hadi katikati ya pini inayofuata.
Bushi: mwanzi wa chuma unaoivika pini.
Rola: mwanzi unaozunguka juu ya bushi na kugusa jino.
Sproketi: gurudumu la meno linaloumana na mnyororo.
Gia: gurudumu la meno linaloumana na gurudumu jingine la meno.
Uwiano wa meno: idadi ya meno ya nyuma ikigawanywa kwa ya mbele.
Ulegevu: nafasi ya mnyororo kucheza.
Mkazo: nguvu ya kuvuta katika mnyororo.
Urefukaji: ongezeko la urefu kutokana na kuchakaa.
Uimara: uwezo wa kutokatika.
Udumifu: uwezo wa kutochakaa haraka.

Hatudai kwamba orodha hii ni neno la mwisho. Walimu wa vyuo vya ufundi wanawasikia vijana kila siku, na watafsiri wanajua mahali sentensi inapokwama. Wakiona kwamba pingili au hatua lina upinzani wa neno bora zaidi kutoka kwenye karakana zao, na walitoe. Tunaloomba ni kwamba lolote litakalochaguliwa litenganishe kinachotengana katika chuma. Leo katika miji na vijiji vyetu maelfu ya vijana hula kwa pikipiki, na abiria hukaa nyuma yao bila kujua mnyororo ulio chini yao umepimwa au haukupimwa. Kijana mmoja akisoma maelekezo kwa Kiswahili na kuelewa kwamba kukaza si kuponya, istilahi itakuwa imefanya kazi yake.